Koi chini ya barafu: maswali ya wasomaji

Swali: Bwawa langu la nje lina kina cha sentimita 140 na koi tisa, wale samaki wa mapambo. Usiku wa juzi uso wote umeganda. Nipasue barafu kwa nyundo?

Jibu: Nyundo iache stoo. Mshindo husafiri vizuri sana ndani ya maji, na koi aliyetulia chini kwa baridi hana nguvu ya kuukimbia. Chukua sufuria, ifunge kamba kwenye mkono wake isije ikazama, ijaze maji ya moto, kisha iweke juu ya barafu. Itayeyusha tundu la mviringo, taratibu, bila kelele. Maji hayo ya moto usiyamwage bwawani.

Tundu la upana wa sahani linatosha. Kinachoua si baridi yenyewe. Majani na kinyesi vinavyooza chini hula oksijeni na kutoa gesi, ikiwamo ile yenye harufu ya yai bovu, na barafu ikifunika kila mahali gesi haina pa kutokea. Bwawa safi huvumilia kufunikwa siku mbili tatu. Lenye tope la majani halina muda huo, ndiyo maana wavu wa kuzuia majani hutandazwa kabla hayajaanza kupukutika.

Ili tundu lisizibe tena, tumia hita inayoelea au pampu ya hewa. Jiwe la mapovu, lile la kwenye ncha ya mpira wa pampu hiyo linalotawanya hewa, lining'inize sentimita 30 tu chini ya uso, usilitupe sakafuni. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, kwa hiyo hayo ndiyo hutuama chini, na hapo ndipo koi hujikusanya. Mapovu yakitoka sakafuni huchanganya maji hayo na ya juu yenye baridi kali, na samaki wanapoteza kitanda chao. Maporomoko ya mapambo nayo yafunge kwa sababu hiyohiyo.

Swali: Koi wakiniona wanakuja juu. Nawahurumia. Niwape chakula kidogo?

Jibu: Kwanza shusha kipimajoto hadi kina wanacholala. Jua la mchana laweza kufikisha uso nyuzi 11 huku chini kukiwa 6, na hapo ndipo wengi hukosea. Chini ya nyuzi 10 usitoe hata punje. Joto la mwili wa koi hufuata la maji. Maji yakipoa, usagaji wa chakula nao hukaribia kusimama, na alichokula huweza kumwozea tumboni. Isitoshe, bakteria wa chujio wanaoondoa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, nao wamezubaa. Kati ya nyuzi 10 na 15 toa chakula laini cha kiini cha ngano, kiasi kinachoisha ndani ya dakika tano, mara moja kwa siku. Koi aliyenenepa vizuri kabla ya baridi hukaa miezi bila kula. Tunakusihi, huruma yako iwe ya kutomlisha.

Swali: Nizime chujio?

Jibu: Ukiweza kuliendesha polepole bila kuganda, liache, ila pampu iinue kutoka sakafuni. Ukilizima, lioshe na ukaushe mabomba yote, maana maji yakiganda hutanuka na kupasua. Usiliwashe tena likiwa na maji yaliyolala humo, yatakuwa yameoza.

Swali: Mmoja amelala ubavu chini kabisa. Amekufa?

Jibu: Tazama matamvua. Koi anayepumzika amebana mapezi, amekaa wima au ameinama kidogo, na matamvua yanafunguka polepole. Mguse kidogo kwa wavu: akishindwa kujiweka sawa, ni mgonjwa. Pima amonia na nitraiti (sumu nyingine itokanayo na amonia) siku hiyohiyo. Mhamishie kwenye tangi lenye maji ya bwawa lilelile na pampu ya hewa, ndani ya chumba kisicho na joto. Ongeza chumvi isiyo na iodini, gramu 3 kwa lita, ukiigawa kwa siku mbili, kisha pandisha joto kwa nyuzi 1 hadi 2 tu kwa siku. Usimrudishe nje mpaka bwawa lifikie joto la tangi.