Nalipa kila mwezi, kodi ya jengo haikulipwa: faini ya nani?

SWALI: Assalaam alaykum. Nimerudi Wete baada ya kuishi Columbus, Ohio. Nyumba yangu ya huko niliinunua kwa mkopo ili niishi mwenyewe, sasa nimeipangisha. Kila mwezi nalipa marejesho pamoja na fungu la kodi ya jengo na bima. Disemba mkopo ulihamishiwa kampuni nyengine. Sasa mdogo wangu amepokea barua ya kaunti, yaani serikali ya wilaya ya huko inayokusanya kodi hiyo: kodi ya nusu mwaka, dola 2,400, haikulipwa, na imeongezwa faini ya dola 240. Kampuni inasema akaunti ilikuja na pesa pungufu, nilipe mwenyewe. Nilipe?

JIBU: Wa alaykum salaam. Faini si yako, maadamu marejesho yako hayakuchelewa zaidi ya siku 30. Lile fungu la kila mwezi huwekwa katika akaunti ya eskro, na kwa sheria ya shirikisho iitwayo RESPA kampuni inayosimamia mkopo lazima iilipe kodi kabla ya siku ya faini kufika. Pesa za eskro zisipotosha, inatanguliza zake, halafu ndiyo inakudai. Kwa hiyo habari ya akaunti pungufu ni hesabu baina yako na wao. Haielezi kwa nini kaunti haikulipwa.

Kabla ya kuandika chochote, fungua tovuti ya mweka hazina wa kaunti, utafute nyumba kwa namba ya kiwanja, kisha uilinganishe na namba iliyo kwenye kumbukumbu za kampuni. Mkopo ukihama, mara nyengine tarakimu moja inakosewa na kodi yako inaangukia kiwanja cha mtu mwengine. Au kampuni ya zamani na mpya, kila mmoja kadhani mwenzake keshalipa.

Kisha peleka taarifa ya kosa kwa maandishi: jina lako, namba ya mkopo, anwani ya nyumba, kosa lenyewe, na unachotaka, yaani walipe kodi na faini waibebe wao bila ya kuigusa eskro. Ambatisha barua ya kaunti, taarifa ya mwisho ya kampuni ya zamani yenye salio la eskro, na ushahidi wa marejesho yako. Angalia anwani. Kampuni nyingi zina anwani maalumu ya malalamiko, tofauti na ile ya kupelekea malipo. Ukikosea hapo wanaweza kusema hawakupokea. Na maneno yaliyoandikwa kwenye kile kikaratasi cha malipo hayahesabiki kuwa taarifa. Mdogo wako anaweza kukupelekea, ila umpe idhini uliyotia saini, na aitume kwa rejesta yenye hati ya kupokelewa.

Wakishaipokea, wana siku 5 za kazi kukiri kuwa imefika na siku 30 za kazi kuchunguza na kujibu; wanaweza kujiongezea 15 wakikuarifu kwa maandishi kabla hazijamalizika hizo 30. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazimo.

Usizuie marejesho kwa hasira. Ukipita siku 30 bila ya kulipa, ule wajibu wao wa kutanguliza pesa unaondoka, na hoja yako nayo. Wala usikimbilie kulipa kodi kimyakimya, maana na wao wakilipa, pesa zako zitakaa kaunti zikisubiri kurejeshwa. Ikibidi ulipe kuzuia faini isikue, waarifu kwanza, na risiti uipeleke siku hiyo hiyo ukidai urejeshewe.

Kuhusu huo upungufu, waulize: salio lipo lakini halifiki kiwango, au limeshuka chini ya sifuri? La kwanza, likifikia fungu la mwezi mmoja au zaidi, hawawezi kulidai kwa mkupuo. Lazima walitandaze miezi 12 au zaidi. Dola 600, kwa mfano, ni 50 kwa mwezi. La pili ni zito zaidi: likifikia kiasi hicho wanaweza kulidai kwa awamu 2 tu. Akiba ya tahadhari wanayoruhusiwa kushikilia haizidi moja ya sita ya malipo ya mwaka.

Wakikataa, lalamika CFPB, ofisi ya shirikisho inayolinda wateja wa fedha. Fomu yake ipo mtandaoni, unaijaza ukiwa hapo hapo Wete, na nyaraka ni zile zile ulizokwisha kuambatisha.