Nilimsomesha, sasa hapokei simu zangu

*Shangazi, shikamoo. Nilimsomesha mtoto wa marehemu dada yangu chuo, miaka mitatu. Mkopo wa bodi ulilipa sehemu tu. Ada iliyobaki, chumba na chakula vilikuwa juu yangu, na mwaka wa mwisho nilikopa kwenye kikundi cha VICOBA. Sasa ameajiriwa kampuni binafsi Dar, mshahara milioni moja. Sijaona hata kanga, na simu zangu hapokei. Mdogo wake naye amepata chuo, ananiomba. Nifanyeje? Mama Mdogo, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kubeba mtoto wa marehemu si jambo dogo, na sishangai kwamba umeumia.

Tuanze na huo mshahara, maana milioni moja haifiki mkononi. Kama yote ni mshahara wa msingi, NSSF inakata 10%, yaani 100,000. Kodi ya mapato kwenye 900,000 inayobaki ni 103,000. Bodi ya mikopo inachukua 15%, yaani 150,000. Anabaki na 647,000, na humo atoe nauli, chakula na kodi ya chumba, ambayo wenye nyumba wengi wa Dar wanaidai ya miezi sita kwa mkupuo. Huenda hapokei kwa sababu anajiona ana deni kwako na hana cha kukupa. Mtumie ujumbe mmoja: "Mwanangu, sikudai kitu. Nataka kusikia sauti yako." Usiutume kama huumaanishi, na ukishautuma usimsimbulie tena, si yeye wala kwenye grupu la ukoo. Asipojibu utaumia, lakini pesa yako ilishafanya kazi yake: yatima wa dada yako ana elimu na anajitegemea.

Nadhani kidonda chenyewe ni ule mkopo wa VICOBA. Ulitoa pesa usiyokuwa nayo, na kila siku ya marejesho ikifika unamkumbuka uliyempa. Ukitoa kupita uwezo, moyo utasubiri kurudishiwa hata usipotaka.

Kwa hiyo kabla ya kumjibu mdogo mtu, shika daftari. Toa matumizi ya nyumbani, ada za wanao, marejesho na akiba ya ugonjwa. Kama kinachobaki ni 60,000 kwa mwezi, mwambie ni 60,000 na hadi lini. Aombe mkopo wa bodi mapema, na cheti cha kifo cha mzazi kihakikiwe kwanza RITA, wanaosajili vizazi na vifo. Wengi hukwama hapo. Mchango wako wa ada ulipe mwenyewe kwa namba ya malipo ya chuo, usije ukageuka askari wa kuuliza pesa imekwenda wapi. Na kama ungependa akurudishie akipata kazi, mwambie leo kuwa ni mkopo, mwandikishiane kiasi. Hakuna ubaya wowote.

Yule mkubwa uliyemsomesha usimpangie kumsomesha mdogo wake. Akiuliza mwenyewe, mpe ile namba ya malipo.