Gari la cheni kwenye theluji ya kiunoni: najibu maswali yenu

Tangu niwasimulie kwamba niliendesha gari la cheni misimu 4 ya baridi kule kaskazini mwa Sweden, nikipeleka mafundi kwenye nguzo za umeme porini, maswali hayakatiki, wengine wananisimamisha hadi barabarani Ngamiani hapa Tanga, sa leo nayajibu machache. Gari lenyewe ni Bv206, vibanda viwili vimeungwa, kimoja mbele kimoja nyuma, kila kimoja kina mikanda miwili ya raba, na linabeba watu 17 pamoja na dereva.

Kijana wa Amboni: Shikamoo kaka. Mie naendesha katapila kwenye mawe ya chokaa kila siku, theluji itanishinda nini?

Marahaba mdogo wangu. Itakushinda kwa uzito. Bv206 tupu ni tani 4 na ushei tu, na kila mkanda una upana wa sentimita 62 hivi, yaani uzito unatandazwa mpaka mtu kwa miguu anazama kuliko gari. Siku ya kwanza nilifungua mlango nikaruka chini kama ninavyoruka hapa kwetu, nikazama hadi kiunoni, gari liko juu limetulia, ikabidi niushike mkanda ndo nikajivuta kutoka.

Halafu kuna kona. Katapila unalikunja kwa kubana cheni ya upande mmoja, ya pili inasukuma, kwenye mawe hakuna neno ila kwenye theluji ile iliyobanwa inachimba shimo palepale. Bv206 usukani unakunja kile kiungo cha katikati kwa haidroliki, mikanda yote 4 inaendelea kuvuta huku gari linajipinda kama tandu. Na bado ukikata kona ya ghafla linazama, kwa hiyo unaianza mapema, kona pana, taratibu.

Bodaboda wa Pongwe: Masika nikikwama natia moto mpaka natoka. Na huko ni hivyohivyo?

Hapana ndugu yangu, hapo ndo wengi wanaharibu, na mie niliharibu. Mkanda ukizungukia mahali pamoja unakula theluji ya chini yake, gari linashuka, linashuka, mpaka tumbo linakalia theluji na mikanda inabaki haina pa kukanyaga. Hilo ni dau lililokalia fungu maji yakapwa, vuta utakavyo. Ukisikia tu injini inapanda sauti na gari haliendi, toa mguu saa hiyohiyo, rudi nyuma kwenye njia yako uliyokwisha kuikanyaga, kisha nenda mbele tena kidogo, rudi, nenda, kila safari unapata mita moja mbili.

Msimu wangu wa kwanza sikutoa mguu. Nyuzi joto 22 chini ya sifuri, jioni, mafundi wamechoka, nikakandamiza akseleta nikijua nguvu zipo, gari likalala. Mzee mmoja wa kulekule akashuka hakusema kitu, akazima injini, akanipa chepe akanionyesha nichimbe chini ya tumbo, wakati mie nilikuwa nishaanza kuchimba mbele ya mikanda. Tulichimba kwa muda wa karibu saa 3. Tulipomaliza akatutaka sote tukanyage njia ya mbele kwa miguu, halafu tukae tunywe kahawa. Nikamuona anachelewesha watu, kumbe theluji ikikanyagwa ikaachwa itulie chembe zake zinashikana, inakuwa ngumu kama sakafu. Baadaye akaikanyaga kwa buti, haikubonyea. Nikatoka kwa gia ndogo, mguu wa kugusa tu.

Mama wa Pangani: Mwanangu, kijana wangu anakwenda Norway kazi hizo. Nimuusie nini?

Shikamoo mama. Muusie eksozi kabla ya kitu chochote. Wewe unajua jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linavyoua watu wamelala, na hapa ni hewa ileile. Gari limesimama, injini inawaka ili hita ifanye kazi, theluji inaanguka taratibu inaziba eksozi, ile hewa inaingia ndani na haina harufu. Ashuke na chepe kila mara aizibue, dirisha aache upenyo, na kulala injini inawaka asithubutu. Pia avae nguo nyepesi nyingi, apunguze moja kabla ya kuchimba, maana akilowa jasho baridi itampata akishatulia.

Fundi wa Muheza: Dizeli haigandi?

Inaganda. Umeona mafuta ya nazi asubuhi za mwezi wa 7 yanavyokuwa meupe kwenye chupa, dizeli ya kawaida nayo inatoa nta, filta inaziba. Kule wanauza dizeli ya majira ya baridi, na usiku injini inachomekwa kwenye umeme ipate joto. Mikanda nayo tunaiegesha juu ya matawi au mbao isigandane na ardhi.

Mwanafunzi wa Makorora: Ni kweli trekta za shamba zilifika Ncha ya Kusini?

Kweli kabisa. Edmund Hillary, yule wa Everest, alifika tarehe 4 Januari 1958 na trekta za Ferguson zilizofungwa cheni. Msimu huohuo Mwingereza Vivian Fuchs alivuka bara zima la Antaktika kwa siku 99 na magari ya cheni ya theluji yaitwayo Sno-Cat, na mengine yalining'inia kwenye nyufa za barafu zilizofunikwa na theluji juu, ikabidi wayatoe kwa madaraja ya aluminiamu.

Mvuvi wa Sahare: Kote kweupe, unaonaje njia?

Kuna siku huoni, kaka. Mbingu nyeupe, chini kweupe, hakuna kivuli, huwezi kujua mbele ni tambarare au shimo. Mtu mmoja anatangulia na fimbo anapima, au unarusha mpira wa theluji mbele, ukitua unaona ardhi iko wapi, ukipotea ghafla unasimama. Ikishindikana hata hivyo unasubiri. Nilishawahi kusubiri kwa muda wa saa 5 na mafundi 4 tunakula mkate na samaki wa kopo, nashuka nazibua eksozi narudi, na hakuna hata mmoja aliyeniambia twende.