Mama anaogeshwa na wanaume: sheria inasemaje?

Dada, pole sana. Umeuliza kama mama yako, aliye katika nyumba ya wazee huko Leicester, Uingereza, anaweza kukataa kuogeshwa na wanaume, maana meneja amekujibu kuwa wao ni kampuni binafsi na haki za binadamu zinaihusu serikali tu. Anaweza, na usikubali kunyamazishwa.

Meneja anashikilia hoja ya zamani. Mwaka 2007, katika kesi ya YL (mzee aliyefichwa jina) dhidi ya Halmashauri ya Birmingham, majaji walio wengi waliamua kwamba nyumba ya wazee ya binafsi haibanwi na Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998. Bunge likalirekebisha hilo. Leo kifungu cha 73 cha Sheria ya Matunzo ya 2014 kinaibana nyumba iliyosajiliwa, iwapo halmashauri ndiyo iliyopanga matunzo au inalipia, hata sehemu tu. Kwa hiyo uliza kwanza: nani analipa? Mkiwa mmejipangia na kujilipia wenyewe, shikeni mkataba na kanuni za utunzaji, ambazo nazo zinadai heshima na faragha.

Kabla ya yote, kaa na mama faragha, kwa Kiswahili, umsikilize. Wazee wetu wengi hunyamaza kwa aibu. Kisha andika barua: taja Ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, inayolinda maisha binafsi, na udai mpango wake wa matunzo useme wahudumu wanawake. Haki hiyo ina mipaka, lakini wakikataa lazima watoe sababu nzito. Nakala ipeleke halmashauri. Ukilazimika kwenda mahakamani, muda kwa kawaida ni mwaka mmoja, kwa hiyo weka tarehe kwenye kila barua.