Faili Zimegoma Baada ya Kupiga Windows Upya

SWALI: Salaam aleikum. Nina nyumba ya wageni hapa Mkomani, Lamu. Laptopu ilikataa kuwaka, fundi akaipiga Windows 10 upya. Picha na hesabu zangu ziko diski D na ninaziona, lakini nikizifungua naambiwa "Access is denied". Jina na neno la siri ni yale yale ya zamani. Mbona nakataliwa?
Msomaji, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Unakataliwa kwa sababu Windows mpya haikujui. Ruhusa za faili haziandikwi kwa jina lako, bali kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na akaunti uliyofunguliwa upya ina namba nyingine hata jina likiwa lile lile.

Kwanza tazama alama za faili. Zikiwa na kufuli dogo, ruka hadi swali la pili. Kama hakuna kufuli, kazi ni nyepesi. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, bofya kulia, chagua "Run as administrator". Tuseme folda inaitwa Hesabu:

takeown /F "D:\Hesabu" /R /D Y
icacls "D:\Hesabu" /grant "%username%:F" /T /C

Wengi hukomea amri ya kwanza, kisha wakasema haikufaa. Hiyo inakupa umiliki tu; ruhusa ya kusoma na kuandika inatoka kwa ya pili. F ni ruhusa kamili, /T huteremka mpaka folda za ndani, /C huendelea hata faili moja ikikwama. Umeme ukikatika katikati, rudia zote mbili, hakuna kitakachoharibika. Na wenzetu wa Malindi mlionunua laptopu zenye Windows ya Kitaliano: ile Y ya amri ya kwanza, yaani "ndiyo", haieleweki huko, andika S.

Tafadhali usiandike C:\ nzima. Faili za mfumo zina mwenyewe, aitwaye TrustedInstaller, na ukimpokonya unaweza kuivuruga Windows yenyewe. Kama vitu vyako vilikuwa kwenye C na fundi hakuifuta diski, vitafute ndani ya C:\Windows.old\Users. Fanya haraka: baada ya siku 10 Windows huweza kuifuta folda hiyo bila kukuuliza.

SWALI: Nimefuata amri hizo, sasa mimi ndiye mmiliki, na bado faili hazifunguki. Zina kufuli.
Msomaji, Malindi

JIBU: Hapo tatizo si ruhusa. Faili zimesimbwa kwa EFS, njia ya Windows ya kufunga faili moja moja kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wake ulikaa ndani ya akaunti ya zamani, ukilindwa na neno lako la siri la wakati ule. Umiliki hauufikii.

Tafuta kwenye flashi na diski zako za nje faili yenye mwisho wa .pfx, yaani nakala ya ufunguo huo. Ukiipata, ibofye mara mbili, weka neno la siri ulilolitumia kuihifadhi, maliza hatua, na faili zitafunguka. Usipoipata, tazama kama folda ya akaunti ya zamani ingalipo, hasa AppData\Roaming\Microsoft yenye Crypto, Protect na SystemCertificates. Folda hizo tatu pamoja na neno la siri la zamani zinamtosha mtaalamu kuutoa ufunguo. Kwa hiyo usiandike kitu kipya kwenye diski hiyo, wala usimruhusu fundi kuipiga Windows tena. Diski ikiwa imefutwa kabisa na .pfx haipo, faili hizo hazirudi. Anayekuahidi kuzifungua kwa pesa anakula pesa yako.

SWALI: Diski D yote inadai namba ya tarakimu 48. Naitoa wapi?
Msomaji, Lamu

JIBU: Hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski nzima, na namba hiyo ndiyo ufunguo wake wa akiba. Ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa akaunti ya Microsoft uliyotumia zamani, ulinganishe kitambulisho cha ufunguo kinachoonekana kwenye kioo na kilichoorodheshwa huko. Kama namba haiko huko, tafuta karatasi au flashi uliyoihifadhia siku diski ilipofungwa.