Maswali ya Gemu: Ameniua Kwenye Kompyuta, Halafu Anakataa Kunifufua

Mwezi jana niliweka mistari miwili mitatu tu hapa kuhusu UFO: Enemy Unknown, lile gemu la mwaka 1994 ambalo Marekani walilibatiza X-COM: UFO Defense, la kulinda dunia isitekwe na maelieni, viumbe wa kutoka angani. Nilijua watajibu wazee wenzangu wanne hivi, tukumbushane ya zamani, yaishe. Inboksi imefurika. Wengine mnasifia, wengine mnalalamika, na kuna mama mmoja wa Tanga nimemweka mwisho kwa sababu kesi yake ni nzito. Twende.

Shikamoo Anko. Niko kidato cha sita, nakaa na bro wangu hapa Morogoro. Ana leptop nzuri tu ila akitoka kazini anafungua hilo gemu lako, picha zenyewe kama matofali, watu wanatembea kama wamekanyaga misumari, na stori hakuna. Juzi nimemkuta saa nane usiku kashika kichwa eti "wameniulia sajenti wangu". Nikamwambia si gemu tu, akaninunia mpaka asubuhi. Hivi mnaona nini humo?

Marahaba mwanangu. Kwanza ukimaliza kusoma hapa kampe bro pole yake, sajenti hapatikani hovyo hovyo.

Unasema stori hakuna, na kweli hakuna aliyeiandika, sasa utamu wenyewe uko hapo. Gemu linaanza Januari 1, 1999, unapewa kambi moja, ndege mbili za kufukuzia visahani vya maelieni, moja ya kubebea watu, na askari nane ambao kusema ukweli hawajui lolote, mtu yuko hatua tatu wanamkosa. Kompyuta inawapa majina ya kwake, sijui Mjerumani sijui Mrusi, ila unaruhusiwa kuyafuta uandike unayotaka, na hapo ndipo watu wanapokwisha. Ukishampa askari jina la shemeji yako basi huyo si pikseli tena, utamtafutia bunduki nzuri, utamweka nyuma ya ukuta, utamuonea huruma.

Mimi nilikuwa na mmoja nilimpa jina la fundi redio wa mtaani kwetu. Misheni ya usiku, shambani, kisahani kimeanguka pembeni ya ghala. Usiku kwenye gemu hili ni balaa kwa sababu elieni gizani anaona miraba 20 na askari wako anaona 9, yaani anakuona yeye kitambo wewe hata hujajua kama yupo. Nikamsimamisha fundi kwenye kona, nikamwachia pointi zake za muda, zile zinazoliwa na kila hatua na kila risasi kwenye zamu, za kutosha ili kitu kikipita apige mwenyewe bila mimi kumwambia, nikamaliza zamu. Sasa zamu ya maelieni huioni, skrini inafunikwa na picha, unabaki na masikio tu. Nikasikia mlango wa kisahani unafunguka. Hatua. Kimya. Ghafla picha ikaondoka, fundi kaona kitu, kapiga, kakosa, risasi ikatoboa ukuta wa ghala maana kuta za humu zinatoboka kweli, nyumba nzima unaweza kuibomoa ukiamua, halafu ikarudi ile plasma ya kijani ikampita yeye ikamkuta kuruta aliyekuwa nyuma yake, akaanguka na ule mlio. Zamu yangu ilipofika kuruta mwingine moyo ukamkatika, akaanza kumwaga risasi kila upande kama mwehu, moja ikamwingia fundi mgongoni.

Elieni hata hakumgusa. Mpaka leo nikipita kibandani kwake nikamkuta yule fundi wa kweli kainama anachomelea waya najisikia vibaya, na yeye hana habari.

Hayo yote hakuna aliyekaa akayapanga. Kuna pointi za muda, kuna mwanga na giza, kuna moyo wa askari kupanda na kushuka, vimegongana usiku ule vikatoa msiba, na ukicheza wewe utapata wako tofauti kabisa na wangu. Ndio maana ukiweka watu wawili waliolicheza meza moja hawaongelei picha, wanaongelea marehemu.

Anko mambo, mimi wa Mwanza. Nimelinunua, misheni ya kwanza nimepeleka watu nane wamerudi wawili. Watatu wamekufa kwenye mlango wa ndege hata chini hawajakanyaga. Nakosea wapi?

Wamerudi wawili? Hongera, wengine hawarudi kabisa.

Kosa lako ni haraka. Ndege ikitua maelieni wana pointi zao zote za muda, wanakusubiria mlangoni kama konda wa daladala, ukitoka tu wanakufyatulia. Ile zamu ya kwanza tulia ndani, maliza zamu bila kufanya kitu, waache watembee wapunguze pointi zao, halafu rusha bomu la moshi pale chini ndio uanze kushusha mmoja mmoja. Na usimtembeze mtu mpaka pointi zikaisha, hiyo ni kumfunga mikono mwenyewe, akimuona adui hawezi kufanya chochote zaidi ya kufa. Tembea nusu, baki na za kupigia. Msirundikane pia, bomu moja linawamaliza wote, nimeona kwa macho yangu na bomu lenyewe lilikuwa langu.

Hela zikikuishia kumbuka maiti zinauzika. Hapa ndipo gemu linapokuwa na ucheshi wake mbaya: askari anakula mshahara wa dola 20,000 kwa mwezi, na maiti moja ya Sectoid, wale wadogo wenye vichwa vikubwa, inauzwa dola 20,000 hizo hizo, kumuajiri mpya ni 40,000, kwa hiyo hesabu ni maiti mbili kwa kuruta mmoja. Nani anazinunua na anazifanyia nini hawasemi mpaka gemu linaisha.

Halafu ukiitwa mjini kwenye misheni ya kuokoa raia ukaona kiumbe kama kaa amesimama wima, anakimbia, huyo ni Chryssalid, achana na raia kwanza. Anamchoma mtu mtu anageuka zombi, ukimuua zombi anatoka Chryssalid mwingine ndani yake. Nimeshapoteza mji mzima kwa mmoja tu.

Niaje Anko, niko Nakuru. Hii game niliimaliza kitambo kwa ile level ya juu kabisa, Superhuman, nikiwa bado shule. Cousin yangu anasema ni uongo. Mwambie.

Kaka, hapa nitakuumiza. Inawezekana wote wawili mnasema kweli.

Toleo la mwanzo, la kompyuta za zamani za DOS, lilikuwa na bagi, yaani kosa la programu, ukichagua ugumu wowote ule halafu ukaja kufungua gemu ulilosevu, ugumu unarudi chini kabisa kwenye kiwango cha wanaoanza, kimya kimya, hakuna taarifa. Kwa hiyo watu dunia nzima wakawa wanatamba mitaani wamemaliza Superhuman kumbe wamecheza na ya watoto. Uchungu zaidi ni kwamba wale wale wakaanza kulalamika mbona ni rahisi, basi MicroProse, kampuni yenye gemu, walipotoa toleo la pili mwaka 1995, Terror from the Deep, la chini ya bahari, wakaliongezea ugumu kwelikweli, na hilo halikuwa na bagi ya kukuonea huruma. Ukitaka kumnyamazisha binamu yako kalimalize hilo. Nakutakia kila la heri, mimi lilinishinda nikauza kompyuta (sio kwa sababu hiyo tu lakini ilichangia).

Salaam Anko, wa Mombasa hapa. Kuna X-COM hii iliyotengenezwa upya 2012 na ile ya zamani. Nianze na ipi? Na ni kweli ile ya zamani nusura isitoke?

Nikuanzie na la pili kwa sababu ndilo nalipenda zaidi. Ni kweli. Julian Gollop na mdogo wake Nick, Waingereza, walikuwa wametoa Laser Squad mwaka 1988, vikosi viwili vinapigana zamu kwa zamu, na walitaka tu kufanya la pili yake. Wakapeleka sampuli MicroProse, hao ndio waliotoa Civilization, lile gemu la kujenga dola, wakaambiwa vita yenu nzuri ila tunataka kitu kikubwa zaidi, kitu cha saizi ya Civilization. Ndipo ikaongezwa dunia inayozunguka, kambi, utafiti, bajeti na nchi 16 za kukulipa, na wakaingiza mambo ya visahani vya angani. Sasa gemu likiwa bado jikoni, MicroProse ikanunuliwa na Spectrum HoloByte mwaka 1993, wenye hela wapya wakaangalia wakasema hili lifutwe. Wale wa ofisi ya Uingereza wakaitikia ndiyo bwana, wakaendelea nalo kimya kimya bila hata kumwambia Gollop kwamba limefutwa. Lilipokuja kutoka likauzika. Mimi naishia kucheka kila nikiikumbuka hii, gemu lenyewe ni la shirika la siri linalofanya kazi chini ya meza.

Kuhusu ipi uanze nayo. Ile ya 2012 ya kampuni ya Firaxis, kiongozi wake Jake Solomon, ni nzuri na sitaki mtu anitukanie, inakufundisha pole pole, kila askari ana vitendo viwili kwa zamu, unapeleka watu wanne mpaka sita, kambi ni moja. Ya zamani ndege ya kuanzia tu inabeba hadi watu 14, unajenga mpaka kambi nane, na usipokumbuka kuweka bunduki na risasi kwenye ndege wanashuka mikono mitupu na hakuna wa kukuonya. Kama huna uvumilivu anza na ya 2012. Ila woga uko kwenye ya 1994. Ile mpya kundi la maelieni ukiliona linatulia kidogo, linajipanga, ndio mnaanza vita, kama vile mnasalimiana. Ile ya zamani hakuna salamu.

Anko mbona nchi zinazochangia hela hakuna hata moja ya kwetu? Niko Kigoma nimeona Nigeria ipo.

Ni kweli, Afrika wamo watatu, Misri, Nigeria na Afrika Kusini, basi. Faida yake ni kwamba sisi hatuwezi kusaini mkataba na maelieni, maana nchi zinazochangia ukizembea zinafanya hivyo, zinakukatia hela zinahamia upande wa pili. Lakini kambi unaweza kuijenga popote penye nchi kavu, yangu ya pili huwa naiweka maeneo ya hapo kwenu kwenu. Kimkakati ni upuuzi, Ulaya ndiko walipo wachangiaji wengi, ila moyo unapenda.

Leptop yangu mpya inakataa kulifungua. Nifanyeje? (Dodoma)

Nunua nakala halali, iko Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, bei yake ya kawaida ni kama dola 5, halafu tafuta OpenXcom, programu ya bure iliyotengenezwa na wapenzi wenyewe wa gemu, toleo lake la 1.0 lilitoka 2014. Inachukua mafaili ya gemu lako la asili inalichezesha kwenye kompyuta za kisasa, mabagi ya zamani yamesafishwa, na ile ya Superhuman imo kwenye orodha. Nakala halali nimesema, msinitumie linki.

Habari za kazi Anko. Mimi sichezi magemu. Mume wangu alichukua jina langu akampa askari wake. Mwanzo nikaona ni mapenzi, jioni namuuliza leo nimefanyaje, naambiwa umepiga wawili, umepanda cheo, sasa hivi kepteni. Nikawa najisikia. Ijumaa kaja mezani kanyamaza, namuuliza vipi, anasema umekufa. Wapi? Mars. Nikamwambia si urudi pale uliposevu unifufue, anasema hapana huko ni kudanganya. Yaani Anko, mimi kufa ni sawa, ila yeye kudanganya ndio vibaya? (Tanga)

Dada yangu pole sana, na nitajaribu kuwa wa haki kwa sababu mumeo ni wa kabila langu.

Mars kwenye gemu hili ndiko mwisho, sehemu inaitwa Cydonia, ukienda huko hakuna kurudi nyumbani, ni kushinda au dunia kwisha. Mtu hapeleki kuruta Cydonia. Anapeleka wale waliopona kila kitu, waliovaa vazi zuri kuliko wote, wale ambao akipiga hesabu za usiku anasema huyu hataniangusha. Kwamba ulifika kule ina maana alikulinda miezi mingi, na wakati huo wengine wengi tu walikufa na hukuletewa taarifa zao mezani.

Hilo la kukataa kurudi kwenye sevu ni ugonjwa wetu tunaoujua. Ukishaanza kufufua, kesho unafufua aliyechubuka, keshokutwa unarudia kila risasi iliyokosa, na woga wote unaisha, unabaki unasukuma vidoli. OpenXcom wameweka kabisa utaratibu wa kukuzuia kusevu ovyo, na kuna ukurasa wa marehemu, fungua uangalie, jina lako lipo pale na cheo chako.

Lakini kukuambia mezani, chakula kimeshapakuliwa, hapo kakosea. Kwa hiyo akilala chukua leptop, anza gemu jipya, mfute kuruta mmoja jina umpe la kwake. Ndege ikitua usimalize zamu, usirushe moshi. Mshushe yeye wa kwanza.