Dirham 5,000 ya Dubai ukilinganisha na mshahara wa Dar

Hapana mkuu, huo mshahara wa dirham 5,000 wa Dubai usiuzidishe kwa shilingi halafu ukaona umetoka, toa kwanza hela ya nyumba ndo uanze kulinganisha na Dar. Dirham imefungwa na dola, 3.67 kwa dola moja, so 5,000 ni kama dola 1,360 na kodi ya mapato hukatwi, hapo raha. Ila nyumba ndo inamaliza watu. Mi nimekaa Deira, mtaa wa huko Dubai, miaka mitatu, kule kodi ya nyumba inahesabiwa kwa mwaka na mwenye nyumba anataka cheki za tarehe za mbele, moja au nne, cheki ikirudishwa na benki kwa kukosa hela ni balaa, afu dalali naye ana chake, umeme na maji, DEWA (mamlaka ya umeme na maji ya Dubai) wanataka diposti dirham 2,000 kwa apatimenti, na kwenye bili hiyohiyo kuna ada ya manispaa, 5% ya kodi ya nyumba ya mwaka wanaigawa kwa miezi 12, wengi hii hawaijui mpaka bili ya kwanza ifike. Ndo maana tulikuwa tunapanga kitanda tu, sio chumba, kitanda, friji moja kila mtu na rafu yake jina limeandikwa kwa maka peni na maziwa bado yanaibiwa. Msosi ukipika mwenyewe sio ghali. Sharjah, mji wa jirani, nyumba bei rahisi ila foleni ya asubuhi kuingia Dubai utajuta. Kampuni ikitoa malazi na usafiri nenda, ila iwe kwenye mkataba, sio ya kuambiwa kwa simu.